Jua kwanza kinachokula umeme, ndipo ubane matumizi

Nimeandika hatua hizi baada ya kuwasaidia jirani zangu hapa Mwanga, Kigoma. Ni wapangaji wanaotumia LUKU moja, na kila uniti zikikata lawama zilikuwa zinaangukia chumba chenye runinga kubwa. Tulipopima, runinga haikuwa na hatia hata kidogo.

Hatua ya 1: Weka kikomo

Kama mita yako iko daraja la D1, yaani la nyumba zinazotumia umeme kidogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo. Zinazozidi hapo ni shilingi 350. Kwa hiyo kikomo chako ni uniti mbili na nusu kwa siku. Kiandike kwenye daftari. Mimi ni mtu wa daftari, kwa sababu kila aliye nyumbani analiona na kuandika, lakini simu huonwa na mwenyewe tu.

Hatua ya 2: Hesabu taa ya mita

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo usiharakishe. Mita ina kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, tafuta "imp/kWh". Nyingi ni 1000, lakini si zote, soma ya kwako.

Zima kila kitu na uchomoe plagi, king'amuzi pia, maana ukikizima kwa rimoti bado kinakula. Kitaa kikiendelea kupepesa, kuna kitu kimesahaulika: taa ya choo cha nje, au chumba cha uani kilichoungwa kwenye mita yako. Usipokiona, ita fundi umeme mwenye leseni, huenda waya unavujisha. Lakiri ya mita usiiguse kabisa.

Sasa washa kitu kimoja tu, hesabu mipepeso ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa ile idadi ya mita yako. Mifano hii ni ya mita ya 1000. Pasi ikipepesa mara 17, inakula uniti moja kwa saa. Lakini hesabu wakati kitaa cha pasi yenyewe kinawaka, ikishapata moto hujikata. Balbu ya zamani ya wati 60 hupepesa mara moja kwa dakika. Ya LED ya wati 9 utasubiri zaidi ya dakika sita kuona mpepeso mmoja! Vitu vidogo hivyo hesabu kwa muda mrefu, au viache.

Kama mita yako iko juu ya nguzo, kitaa hutakiona. Tumia kidude cha kuingizia tokeni: soma uniti zilizobaki, tumia kifaa saa nzima, soma tena.

Hatua ya 3: Friji lipimwe usiku

Friji huwaka na kujizima, kwa hiyo dakika moja itakudanganya. Soma uniti saa tatu usiku, zima vingine vyote, soma tena saa kumi na mbili asubuhi. Kwa wale jirani zangu, mlaji alikuwa huyu.

Banisha karatasi mlangoni kisha uivute. Ikiteleza bila kukaza, mpira umechoka: uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukishindikana ubadilishwe. Lisogeze mbali na jiko la mkaa, na uache nafasi ya kiganja nyuma yake. Mchuzi wa migebuka upoe kwanza ndipo uingie. Barafu ikiwa nene iyeyushe, usiichokonoe kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

Hatua ya 4: Pasi na maji ya moto

Nguo za wiki nzima zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja. Maji chemsha yale utakayotumia tu, kisha yaingie kwenye chupa ya chai.

Hatua ya 5: Balbu

Weka LED kote.

Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyouzwa eti vinapunguza umeme, usinunue. Mita ya nyumbani huhesabu umeme uliotumika kweli, na kidude hicho hakiupunguzi.