Kiuno kinauma upande mmoja? Kabla hujasema figo soma hapa

Msimu wa korosho ukishaanza huku Tandahimba kila nyumba utakuta mtu anainuka huku kashika kiuno, utasikia "figo hizo", mwingine chango, mwingine kashachemsha mizizi. Jamani mara nyingi wala sio figo.

Hebu simama, weka kidole kimoja panapouma. Kikitua chini ya mkanda, pembeni kidogo ya mfupa wa katikati, pale wengine tuna kijishimo, hapo ndo jointi ya uti wa mgongo na nyonga ilipo. Ziko mbili, kushoto na kulia, zinacheza milimita chache tu ila uzito wote wa juu unapita hapo kwenda miguuni. Ikichokozwa utaisikia ukigeuka kitandani, ukipanda ngazi au ukisimama mguu mmoja kuvaa suruali, na maumivu yanashuka takoni mpaka pajani, mara nyingi hayavuki goti.

Usilale siku nzima!! Hapo ndo wengi tunaharibu. Tembea kidogo kidogo, kanda na kitambaa cha moto dakika 15, ukilala ubavu weka mto katikati ya magoti. Halafu zoezi: lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo chini, kaza matako inua kiuno taratibu, hesabu mpaka tano, shusha, mara kumi asubuhi na jioni. Ikichoma acha.

Panadol sawa, ila diclofenac na ibuprofen usibugie kama una vidonda vya tumbo, figo mbovu au mimba. Wajawazito homoni zinalegeza hizo jointi ndo maana zinawatesa, kanga iliyokunjwa ukaifunga chini kabisa kwenye nyonga, sio tumboni, inasaidia wengi.

Ila ukishindwa kuzuia mkojo, ukifa ganzi sehemu za siri au miguu ikiisha nguvu, nenda hospitali, iwe Ligula, Ndanda, Nyangao, popote palipo karibu, siku hiyohiyo. Homa au kukonda navyo usivichekee, TB inaingia mpaka kwenye mifupa. Na wewe kijana unayeamka umekakamaa zaidi ya nusu saa kisha ukitembea unapata nafuu, na imeshapita miezi mitatu, mwambie daktari hivyohivyo, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi ya uti wa mgongo na ina dawa zake.

Mimi siku hizi korosho naokota nimepiga goti moja, nabadilisha kila mkorosho. Watoto wananicheka, poa tu.