Kuvisha Gurudumu la Mbao Pete ya Chuma

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia seremala mmoja kijana kukarabati gurudumu la gari la kukokotwa na farasi, la mtindo wa karne ya 19. Nachukulia kwamba msomaji anajua kuchonga ulimi na tundu.

Hatua ya 1: Mbao. Mafundi wa Uingereza walitumia elmu kwa kitovu, kwa sababu nyuzi zake zimesokotana na hazipasuki kirahisi hata kitovu kikitobolewa matundu 12. Spoki zilikuwa za mwaloni, na vipande vya ukingo vya ashi. Mbao ziwe kavu kabisa.

Hatua ya 2: Kuunganisha. Spoki zielemee kidogo upande wa nje, gurudumu lipate umbo la sahani. Acha ufa mwembamba kwenye kila kiungo cha ukingo.

Hatua ya 3: Kupima pete. Hapa ndipo nilipoteza siku nzima, kwa hiyo soma polepole. Tumia kigurudumu cha kupimia chenye mpini: kizungushe juu ya ukingo huku ukihesabu mizunguko, kisha kizungushe ndani ya pete. Wapo wanaopima kwa utepe. Mimi siukubali, kwa kuwa ndani ya pete haulali vizuri. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 4, mimi huifanya pete iwe fupi kwa milimita 15 hivi, ingawa nyufa zikiwa nyembamba sana hupunguza tofauti hiyo, maana ukingo uliokwisha kufunga hauna pengine pa kwenda isipokuwa kusukuma spoki. Kosa langu lilikuwa kuipima pete mara tu baada ya kuunganisha ncha zake motoni. Pete ya mita 4 yenye joto la nyuzi 150 za Selsiasi juu ya kawaida huwa imerefuka kwa takriban milimita 7. Nikaiona sawa, nikaivisha, na ilipopoa sahani yangu ikawa bakuli. Subiri mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu, kisha ipime mara mbili.

Ndiyo maana sishangai kwamba biashara ya ndugu wa Studebaker, iliyokuja kuliuzia magari jeshi la Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilianza kama karakana ya uhunzi, ile ambayo Henry na Clement waliifungua South Bend, Indiana, mwaka 1852. Ndugu yao John alirudi kutoka California mwaka 1858 na fedha alizozipata kwa kuwaundia wachimba dhahabu matoroli, akanunua sehemu ya Henry. Seremala hulijenga gurudumu, lakini mhunzi ndiye anayeamua kama litadumu.

Hatua ya 4: Kuvisha. Washa moto wa kuni kuizunguka pete yote; kichomeo cha gesi hupasha upande mmoja na kuusahau mwingine. Ikipanda nyuzi 500 hurefuka kwa takriban milimita 24. Watu watatu waibebe kwa koleo, waishushe juu ya gurudumu lililofungwa chini, waigonge ikae sawa, kisha wamwagie maji bila kuchelewa, kwani mbao huanza kuungua papo hapo. Utasikia viungo vikilia vinapofunga.

Ikipoa, gonga kila spoki kwa nyundo ndogo: inayotoa sauti butu bado imelegea. Rangi ipakwe kesho yake.