Kuwatazama buibui na wadudu wa uani

Anayezunguka uani akitafuta wadudu huambulia wachache. Kivuli chake na mtetemo wa nyayo hutangulia, wadudu wakajificha, naye akadhani hapana kitu. Chagua mahali pamoja, kama mita moja ya mraba kando ya karo la kuoshea vyombo au chini ya mwembe, weka kigoda ukae dakika 20 umetulia. Rudi hapo hapo saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Kila saa ina wenyewe.

Utahitaji tochi ya kuvaa kichwani, kopo angavu lenye kifuniko, karatasi ngumu, rula, daftari na penseli, maana peni hukataa kuandika karatasi ikishika umande. Ukipata lenzi ndogo ya kukuza mara 10, usiishike mbali na uso kama msomaji wa gazeti. Utaona ukungu tu. Isogeze hadi ikaribie kugusa kope, kisha mlete mdudu mpaka abakiwe na sentimita 2.5 hivi kuifikia lenzi.

Mdudu ana miguu sita, vipapasio viwili na mwili wa sehemu tatu. Buibui ana miguu minane, sehemu mbili, na hana vipapasio. Usihukumu kwa umbo, hasa kwenye miembe ya pwani yenye maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao. Kati yao hupita buibui mwembamba aliyefanana nao, anayeinua miguu ya mbele na kuipunga kama vipapasio. Tikisa kidogo jani alilosimamia: chungu huanguka au hukimbia, buibui huning'inia kwa uzi.

Usiku ndio wenye mengi. Tochi ikae usawa wa macho, wala usiishike kiunoni. Nyuma ya macho ya buibui wanaowinda ardhini kuna tabaka jembamba linalorudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ukimulika kutoka kiunoni, mwanga hurudi kiunoni na wewe huoni kitu. Mulika nyasi fupi mita 3 hadi 10 mbele yako. Tone la umande humeta na kubadilika rangi ukisogeza kichwa, ila jicho la buibui hubaki nukta moja ya kijani iliyotulia. Ifuate nukta hiyo polepole bila kuiondolea mwanga. Ukikuta vimeta vingi vidogo vimesongamana mahali pamoja, yaelekea umempata mama aliyebeba watoto mgongoni. Usimguse, wataruka na kutawanyika.

Utando wa duara usingoje kuukuta umekamilika. Buibui wengi wa aina hii huanza kusuka magharibi inapoingia, na baadhi huula utando wao kabla ya kucha. Funika tochi kwa nailoni nyekundu, kaa mita moja kutoka hapo, na usipumue kuelekea kwake, maana pumzi humwangusha chini. Kwanza hutandika nyuzi zinazotoka katikati kama spoki za baiskeli. Kisha huzungusha uzi mkavu wenye nafasi pana, kutoka katikati kwenda nje. Huo ni jukwaa la fundi tu. Mwisho hugeuka na kurudi kutoka nje kwenda ndani akitandaza uzi wa kunata, huku akiukata ule wa kwanza. Kazi yote huchukua kama nusu saa hadi saa nzima. Ukikuta utando mkubwa wa rangi ya dhahabu kati ya miti, jike mkubwa yuko katikati. Tazama pembeni pia, kwani madume ni wadogo mno na hukaa humo humo wakivizia.

Kwa wanaotembea ardhini usiku, zika kopo lenye kina cha sentimita 10 hivi, mdomo ukiwa sawasawa na udongo. Mdomo ukichomoza hata milimita 2, wengi huuzunguka. Toboa matundu madogo chini ili maji ya mvua yatoke, tia majani makavu ya kujifichia (bila hayo buibui mmoja hula wote), kisha funika kwa kigae juu ya vijiwe vitatu, kikiacha upenyo wa sentimita 2. Kagua kabla jua halijawa kali. Ukiona siafu karibu, liondoe kopo mara moja, kwani walionaswa hawana pa kukimbilia. Usipolitumia, lizibe.

Wanaoruka huvutwa na shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia, taa nyeupe ikiwa mbele yake, usiku usio na mbalamwezi na hasa baada ya mvua. Taa ya manjano huvuta wachache. Hapo ujihadhari na yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi aitwaye Nairobi fly. Haumi wala hachomi, lakini akipondwa kwenye ngozi majimaji yake huleta malengelenge. Akikutulia mpulize aondoke. Ukimponda, osha kwa sabuni na maji bila kugusa macho. Zima taa ikishawaka kwa muda wa saa mbili hivi, la sivyo mijusi kafiri na chungu watamaliza waliochoka kwenye shuka.

Katika daftari andika tarehe, saa, hali ya hewa, urefu kwa milimita, na alichokuwa akifanya. Picha ya buibui ipigwe kutoka juu, na nyingine kutoka mbele, kwa kuwa mpangilio wa macho ndio unaosaidia kumtambua.

Jiwe au gogo liinue kwa ukingo wa mbali, ukilivuta kuelekea kwako, ili nge au nyoka apate njia ya kukimbia upande wa pili. Usiingize vidole chini yake. Ukimaliza, lirudishe taratibu lilivyokuwa, upande ule ule, kwani unyevu wa chini yake ndio makazi yao.