Kuiga mlipuko wa chini ya ardhi kwa kompyuta, kituo kikiwa Mbarara

Mlipuko husukuma mwamba pande zote kwa mkupuo. Tetemeko la ardhi hutokea pande mbili za ufa zinapoteleza. Tofauti hiyo huwawezesha wataalamu kugundua jaribio la nyuklia kutoka mbali, na kituo cha kupima mitetemo cha Mbarara, Uganda, kwa kifupi MBAR, ni kimoja cha vituo saidizi katika mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio hayo.

Tuchukue jaribio la Korea Kaskazini la tarehe 3 Septemba 2017, lililofikia ukubwa wa 6.3 kwa hesabu ya Marekani.

1. Zana. Sakinisha Python pamoja na maktaba zake mbili, ObsPy (ya kushughulikia rekodi za mitetemo) na Instaseis (ya kutengeneza rekodi za kuiga), kwenye Linux au Mac. Pakua pia hifadhidata ya mawimbi yaliyokwisha kokotolewa. Ni nzito, kama bando ni la kubana, ile ya sekunde 10, yaani ambayo mawimbi yake mafupi kabisa huchukua sekunde 10 kwa mtikiso mmoja wa kwenda na kurudi, inatosha.

2. Mahali. Chanzo: latitudo 41.3, longitudo 129.1, kina mita 600. Kituo: -0.6, 30.7. Umbali ni karibu digrii 97. Usihangaike na kina: wimbi la sekunde 20 lina urefu wa makumi ya kilomita, mita mia chache halizioni.

3. Chanzo chenyewe. Hapa ndipo penye kazi. Namba sita hueleza nguvu za chanzo, na kwa mlipuko tatu za kwanza ni sawa, zilizobaki ni sifuri (r ni juu, t ni kusini, p ni mashariki; 1e17 ni 1 yenye sifuri 17):

m_rr = m_tt = m_pp = 1e17
m_rt = m_rp = m_tp = 0

4. Endesha. Omba vijenzi vitatu vya mtikisiko, Z (juu na chini), R (kwenye mstari wa kutoka kwenye chanzo) na T (kando), kisha chuja kati ya sekunde 20 na 50. Mlipuko ulitokea saa 12:30 asubuhi kwa saa za Kampala. Wimbi la P, linalotangulia mengine yote, linatarajiwa Mbarara dakika 13 na nusu baadaye, na mawimbi ya Rayleigh, yanayotambaa juu ya ardhi, yanakaribia saa 1:20.

5. Kagua T. Kijenzi hiki hupima mtikisiko wa kwenda kando. Kwa mlipuko safi lazima kilale kama mstari. Kikicheza, rudi hatua ya 3, kuna namba imekosewa. Sasa weka sifuri kwenye zile tatu na uipe m_tp 1e17: mawimbi ya Love, yanayotambaa juu ya ardhi yakiitikisa kando, yanainuka kwenye T. Umegeuza bomu kuwa tetemeko bila kuhamisha chochote.

Kwenye rekodi halisi ya mlipuko, T haitulii hivyo. Milima hutawanya mawimbi, na mwamba uliokuwa na mkazo huuachia unapopasuka. Kwa hiyo usihukumu kwa T peke yake. Linganisha P ya sekunde 1 na Rayleigh ya sekunde 20: kwa P yenye nguvu ileile, mlipuko huwa na Rayleigh dhaifu kuliko tetemeko. P hiyo ya sekunde 1 hifadhidata yetu haiifikii. Itafute kwenye rekodi ya kituo.