Anza na kijitabu, kitabu kitafuata
Umetunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ule wa dadu, penseli na karatasi? Usikimbilie kuchapa kurasa 200. Anza na kijitabu cha A5: karatasi za A4 zilizokunjwa katikati, pini mbili za stepla mgongoni. Kurasa ziwe 16 au 20, maana lazima zigawanyike kwa nne, la sivyo utabaki na kurasa tupu mwishoni. PDF yake iweke itch.io, tovuti ya kuuzia michezo; mgao wa tovuti katika mauzo yako unaupanga mwenyewe, usipogusa wanakata asilimia 10. Toa bure kisa kimoja kinachochezeka jioni moja. Na jina kwenye jalada lisomeke hata picha ikiwa ndogo kama stempu, hapo ndipo wengi tunapochemka.