Kabla hujaamua kubaki kijijini Pemba, tazama haya kwanza

Mafundi wenzangu wa Tanga wananiuliza sana, huko Pemba mtu aje akae kabisa au afanye kazi arudi zake. Wakiuliza wanataka kujua chumba bei gani, samaki wanapatikana vipi. Hayo madogo. Kijiji chenye ugomvi ndani yake hukioni kwa macho ya siku mbili, unafika unaangushiwa dafu, unaambiwa karibu fundi, na wanakukaribisha kweli sio unafiki, ila ugomvi wao bado haukuhusu. Utakuhusu siku ukitangaza kwamba unabaki.

Mi nilivuka mwanzo wa 2016 kuja kijiji cha wavuvi huku kaskazini, fundi wa mashine za boti, kontrakti ya miezi mitatu. Wanaokumbuka wanajua nilikuja wakati gani. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 25, 2015 ulikuwa umefutwa siku tatu baada ya kura, ukaitishwa wa marudio Machi 20, upande mmoja ukaususia, afu watu walipomaliza kususia kura wakaanza kususiana wenyewe. Duka la fulani haliingiwi, gari ya fulani haipandwi hata kama jua la saa saba linakuchoma na gari ina nafasi. Sikuambiwa na mtu, niligundua tu kwamba kuna daladala inapita tupu kila siku.

Kwaiyo la kwanza ni wakati wa kuamua. Usiamue msimu wa karafuu. Msimu ukiwa mzuri kila mtu ni mtu mwema, majamvi yamejaa karafuu mpaka pembeni ya barabara, kijiji kizima kinanukia, wachumaji wanalipwa kwa pishi, watoto wanaokota mpeta chini ya mikarafuu wanapata hela ya daftari, na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, likilipa basi hata yule aliyekukimbia miezi minne anakuja mwenyewe na pesa ya propela mkononi. Ukiamua hapo utadhani umeingia peponi. Na usiamue uchaguzi ukikaribia, hapo utadhani umeingia pengine, utakimbia bure. Amua katikati, wakati wa ukata, hakuna karafuu, upepo umechafuka na boti zimelala. Maana mkarafuu nao hauzai sawa kila mwaka, kuna mwaka unajaza na kuna mwaka unakuonesha majani tu, na mwaka wa majani ndio utajua jirani yako anaishije na wewe utaishije.

La pili, na kwangu mimi hili linapita yote, ni maziko. Angalia kijiji kinavyozika. Pwani nzima tumezoea jeneza linakwenda mbio kwa sababu mabega ni mengi, unalishika hatua kumi tu mwenzio keshakupokea, wewe unarudi nyuma, ni kama linaelea. Mwezi wangu wa pili hapa alifariki mzee mmoja nyumba ya tatu kutoka ninapokaa. Mtoto wake akaja karakana, sijamzoea hata, akaniambia "fundi, tunaomba utusaidie kubeba." Nikajua ananiheshimu tu mgeni. Kumbe tulikuwa wanaume sita. Sita wa kubeba na wengine wachache wazee, na makaburi yako mbali kule juu ya kilima, hatupokezani, bega linawaka moto, tunasimama kidogo tunaendelea. Tulipita mbele ya baraza yenye wanaume kama kumi na tano. Walisimama wote kwa heshima ya maiti, wengine nawaona midomo inasoma dua. Hakushuka hata mmoja.

Usiku nilikaa nikajiuliza mimi nikifa huku nitabebwa na nani. Sio swali la kuchekesha, mgeni lazima ajiulize. Chumba kinapatikana, kazi ipo, lakini kama kijiji kina mazishi ya huku na mazishi ya kule we itabidi uende kote. Usichague. Nilikwenda ya upande huu nikaenda na ya upande ule, khitma za wote nikala, mwanzo kila upande ulininunia, baadae wakazoea kwamba fundi ni wa maziko yote, wakaacha kuuliza.

Dukani ni vile vile. Kama kuna maduka mawili gawa manunuzi, sukari hapa sabuni pale, hata kama moja ni ghali shilingi mia. Bibi mmoja aliniona natoka duka lisiloingiwa akanivuta pembeni, "mwanangu, sukari ya kule ndio tamu zaidi?" Nikamwambia bibi mi nafuata iliyo karibu. Akacheka. Kesho yake nikanunua kwa mwanawe ilhali sukari ninayo tele ndani.

Sasa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo unalokaa. Ukifika lazima uripoti kwa sheha wa shehia yako, hili halina mjadala, na ukitaka baadae kushughulikia ukaazi barua inaanzia kwake. Lakini elewa kwamba sheha anateuliwa na serikali, hapigiwi kura na wanakijiji, na pale penye mvutano wapo wanaomhesabu kuwa ni wa upande fulani hata kama yeye binafsi mtu mstaarabu. Nenda mchana, kitambulisho chako mkononi, sema shida yako, aga. Kuzoea kunywa chai kwake kila jioni ni jambo jengine, hiyo watu wanahesabu vikombe.

Halafu ardhi. Mtu wa bara akipata uwanja nyuma ya chumba cha kupanga mkono unamuwasha apande kitu. Huku ardhi mambo mengine na mti mambo mengine, mti unaweza kuwa na mwenyewe na kiwanja kina mwenyewe mwengine, na kuna eka walizopewa watu baada ya Mapinduzi ya 1964 ambazo stori zake hazijaisha mpaka leo. Nilichomeka mche wa mnazi, mmoja tu, mwenye nyumba akaja asubuhi kaubadilisha uso. "Fundi, mchicha panda, bamia panda. Hiyo ng'oa." Kwake yeye mnazi ni madai, nikiondoka wajukuu zangu watarudi kusema cha babu hiki. Niling'oa siku hiyo hiyo.

Pesa nitasema kwa ufupi. Wavuvi wanakwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, wanakaa huko wiki na wiki, deni linakwenda nao. Weka akiba ya kula bila kulipwa, na nauli ya kurudi isiguswe hata ukiumwa jino. Spitali jua mapema ya karibu ni ipi, Wete, Chake au mpaka Mkoani, na nani ana gari ya usiku, na kama huyo mwenye gari ni wa kususiwa muombe namba vile vile.

Kuhusu mdomo. Barazani kuna wazee hapa wameona mengi, Januari 2001 kwenye machafuko ya siasa watu wa Pemba walikimbia na mashua mpaka Shimoni, Kenya, na wapo waliorudi wakanyamaza. Usiwaulize. Ikija itakuja yenyewe, siku moja mnafuma nyavu. Usije na maelezo yako ya bara kwamba nyie Wapemba mnapenda siasa. Walishawahi kupatanishwa, kura ya maoni ya Julai 2010 Wazanzibari asilimia 66 walikubali serikali ya umoja, kwaiyo suluhu wanaijua kuliko wewe. Ukitaniwa taniwa. Mimi umeme ukikatika wananigeukia mimi, maana tangu 2010 Pemba inavutiwa umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, "fundi waambie ndugu zako waturudishie." Utani huo mara nyengine una mwiba ndani, lakini unaucheka.

Mwenye mke na watoto hesabu yake nyengine kabisa, watoto wataingia skuli moja na watoto wa pande zote na watarudi na maneno usiyoyajua yametoka wapi. Mimi nilikuja peke yangu siwezi kumshauri mtu hapo.

Mwaka juzi alifariki mama wa yule kijana aliyekuja kuniomba nibebe. Nilitangulia nikashika mbele, sikufika hata hatua ishirini nikapokewa na mmoja wa wale wa barazani, nikarudi nyuma, nikapata zamu nyengine moja tu mpaka makaburini. Wapo ambao hawakuja bado, niliwaona.

Kodi naendelea kulipa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka nilipe mwaka mzima apate kuezeka upya, namwambia ngoja kwanza msimu uishe.