Kukusanya kwatzi ukiishi Nairobi: kutoka ramani hadi kibandiko

Weka nyundo chini kwanza. Wengi wanaoniuliza kuhusu kukusanya mawe huanza na swali la wapi wachimbe, na wengine tayari wamemaliza Jumamosi nzima wakigonga miamba ya Ngong wakitafuta fuwele (vipande vya madini vyenye pande bapa za asili) za kwatzi, lile jiwe gumu jeupe au angavu kama kioo. Hawakupata kitu, na wasingepata.

Hatua ya 1: Jua ardhi unayokanyaga

Nairobi imekaa juu ya lava na majivu ya volkano. Lile jiwe la kijivu linalopondwa kuwa kokoto ni fonolaiti, aina ya lava, na fonolaiti ina silika (kemikali inayounda kwatzi) kidogo mno kiasi kwamba kwatzi haiwezi kuundwa ndani yake: silika yote iliyokuwapo humezwa na madini mengine kabla haijabaki ya kutosha. Mawe ya Ndarugo tunayojengea ni majivu yaliyoshikamana. Milima ya Ngong nayo ni mabaki ya volkano ya aina hiyo hiyo isiyo na silika ya ziada. Kwa hiyo mjini utaona kwatzi kwenye mchanga wa ujenzi unaoletwa na malori kutoka Machakos, na hapo ndipo penye fununu: fuata mchanga ulikotoka.

Shika barabara ya Mombasa. Ukishapita Athi River, vilima vya Lukenya vinasimama upande wako, na miamba hiyo si lava tena. Ni naisi, miamba iliyopikwa na kukunjwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ukanda huo unaendelea Machakos, Makueni, Kitui, sehemu za Kajiado, hadi Taita. Ndani yake mna mishipa ya pegmataiti: ule uji wa mwisho wa mwamba ulioyeyuka, wenye maji mengi, ambamo fuwele hukua kubwa. Humo utakuta kwatzi na madini mengine: feldispa, ulanga (maika), tomalini nyeusi, na mara chache berili.

Tafuta ramani za jiolojia za serikali, zile za kipimo cha 1:125,000 pamoja na ripoti zake. Anzia Madini House, Industrial Area. Ripoti nyingi ni za zamani na lugha yake ni kavu, lakini zinataja mishipa kilima kwa kilima. Jioni moja na ripoti hizo inakufaa kuliko wikendi kadhaa za kubahatisha.

Hatua ya 2: Ruhusa, na si moja

Hapa ndipo watu huteleza. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inayaweka chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Maana yake: mwenye shamba anaweza kukukaribisha, akakupa hata chai, lakini hana mamlaka ya kukupa madini. Kuchimba na kuuza kunahitaji kibali, na kuyapeleka nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Ukiwa Madini House kwa ajili ya ramani, uliza hapo hapo kuhusu vielelezo vichache vya kujifunzia na ufuate utakachoambiwa.

Lakini kibali cha serikali hakikupi haki ya kuruka ua wa mtu. Fika kwa mwenye shamba, jitambulishe kwa mzee wa kijiji, eleza unatafuta nini na umwonyeshe mfano. Ukijificha, kufikia saa sita kijiji kizima kitakuwa kinaamini umeona dhahabu.

Hifadhi za taifa ni za kutazama tu. Obsidiani ya Hell's Gate, kioo cheusi cha volkano, inapendeza, iache ilipo.

Halafu kuna Lukenya yenyewe. Kilima hicho kina makao ya watu wa Zama za Mawe, na zana zao nyingi zilitengenezwa kwa kwatzi na obsidiani. Kipande chembamba chenye makali, chenye uvimbe mdogo mahali kilipopigwa, hasa kikiwa kati ya vingine vingi vya namna hiyo, ni kazi ya mkono. Usikiokote, hata ukisema utakipeleka makumbusho mwenyewe: mahali kilipolala ndipo penye habari yake. Piga picha, andika mahali, uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Vitu hivi vinalindwa na sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi.

Hatua ya 3: Zana

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji watakuuzia tindo nzuri na nyundo ya kilo moja na nusu kwa bei unayoweza kuongea. Nyundo ya seremala usiitumie. Chuma chake kinaweza kumeguka na kipande kikakurukia. Ongeza miwani ya kinga, glavu, lenzi ya kukuza mara 10, magazeti ya zamani, kalamu ya wino usiofutika na daftari. Barakoa ni lazima unapovunja kwatzi: vumbi lake huharibu mapafu, na uharibifu huo haurudi nyuma. Mwagia jiwe maji kabla ya kuligonga.

Hatua ya 4: Itambue

Si kila jiwe jeupe ni kwatzi. Kajiado kuna marumaru, na marumaru ni kalsaiti, madini laini zaidi. Beba kipande cha kioo cha dirisha. Kwatzi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, itakikwaruza bila shida; kalsaiti ni 3, haitaacha alama, na unga wake utatoa povu ukiudondoshea siki.

Feldispa ndiyo inayowapotosha wengi, maana nayo inakwaruza kioo. Igeuze kwenye jua. Feldispa huvunjika kwa nyuso bapa zinazong'aa zote kwa pamoja unapoizungusha. Kwatzi huvunjika kwa mikunjo, kama kitako cha chupa.

Ukipata fuwele yenyewe, tazama mistari kwenye pande zake. Ya kwatzi hukata kwa upana. Ya tomalini hukimbia kwa urefu, na ukiitazama tomalini kichwani ina umbo la pembetatu iliyovimba. Ulanga hubanduka karatasi kwa karatasi. Vidonge vyekundu-kahawia vyenye nyuso nyingi vilivyokwama kwenye miamba ya ulanga huwa ni ganeti.

Hatua ya 5: Itoe bila kuiua

Anza na mawe yaliyokwisha kuanguka chini ya mshipa au kwenye kijito kikavu. Ukiona tundu kwenye mwamba lililojaa udongo, usichokoe kwa chuma; tumia kijiti cha mwanzi na vidole, kwani fuwele nzuri mara nyingi hulala huru ndani ya udongo huo. Ukilazimika kugonga, tindo iwe mbali na fuwele na ielekee nje. Acha kipande cha mwamba mama, yaani mwamba ilimokulia, kikiwa kimeshikana nayo. Mimi huthamini kwatzi ndogo iliyokaa juu ya feldispa yake kuliko fuwele kubwa iliyong'olewa, ingawa wachuuzi watakwambia kinyume.

Funga kila kipande kwa gazeti peke yake, na uandike namba juu ya gazeti hapo hapo.

Hatua ya 6: Safisha polepole

Maji, sabuni, mswaki. Loweka siku mbili tatu. Usimwage maji baridi kwenye jiwe lililopata moto juani, litapasuka.

Kutu ikibaki, tumia asidi ya oksaliki kutoka duka la kemikali, gramu 50 hivi kwa lita ya maji. Tumia ndoo ya plastiki nje ya nyumba, vaa glavu, na usiichemshe jikoni. Maji ya mvua ni bora, kwa sababu kalsiamu ya maji magumu huacha ukoko. Usitie jiwe lenye kalsaiti. Baadaye loweka kwenye maji safi, ukibadilisha kila siku. Asidi iliyotumika itulize kwa magadi, yale yale ya githeri, hadi povu likome. Bado ni sumu, kwa hiyo weka mbali na watoto na kuku. Kamwe usichanganye asidi yoyote na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo: hutoa gesi ya klorini.

Hatua ya 7: Kibandiko

Paka tone la rangi nyeupe mahali pasipoonekana, andika namba, na namba hiyo iingie daftarini: madini gani, kilima gani, alama za GPS kutoka kwenye simu, tarehe, nani alikuruhusu, kilikuwa kwenye mshipa au kimeanguka. "Machakos" peke yake haitoshi. Kama ulinunua, andika kwamba ulinunua na maneno ya muuzaji kuhusu kilikotoka, hata ukiyatilia shaka. Shaka yako nayo iandike. Amethisto, yaani kwatzi ya zambarau, iweke kwenye droo, si dirishani, kwa kuwa jua huififisha rangi.